Mnyaa wa Mpakani

Jumapili, 10 Januari 1971

Rongai tena. Vumbi mpaka ndani ya soksi. Nimefika kwa Zaituni kabla ya saa nne, nimekunywa chai ya rangi kwa kuwa ng'ombe hatoi maziwa, nimeshika jembe. Ardhi haichimbiki. Juu majivu, chini jiwe.

Mambo yalivyo, kwa ufupi, nisije nikayachanganya baadaye. Shamba la mzungu liligawanywa kwa kura. Marehemu shemeji yangu, mtu wa reli, alipata kiwanja hiki, akajenga nyumba, akafa. Dada yangu Zaituni amebaki peke yake. Vigingi vya mpaka vilikuwa vya mbao. Moto wa nyasi wa mwaka jana umevila vyote. Sasa kamati ya shamba inataka kupima upya mpaka kati yake na jirani yake, Mama Kariuki: mstari mnyoofu kutoka tangi la maji hadi barabarani. Nimesimama kwenye tangi nikauangalia mstari huo. Unapita katikati ya jiko la Zaituni. Jiko na chumba cha nyuma vitabomolewa, na ardhi iliyo chini yake itakuwa ya Mama Kariuki.

Kuna njia moja ya kuzuia. Kamati hukubali ua ulio hai. Wakikuta ua umeshika, na jirani akasema ndiyo, mpaka ni huo. Watakuja kabla ya mvua ya masika. Wanavuta miti kwa mkono. Inayoshika wanaihesabu. Inayotoka wanaitupa.

Katika ukame huu kitashika nini? Mnyaa tu.

Zaituni anajua vigingi vilikuwa wapi. Mama Kariuki pia anajua, ila hajaiambia kamati. Ndilo linaloniudhi.

Jumamosi, 16 Januari

Asubuhi baraza la mji, Nakuru, mgao wa maji. Hakuna jipya. Nimepiga simu Nairobi, nimesoma habari yangu, mhariri amekata nusu.

Mchana makaburini kwetu. Ua wa pale ni mnyaa mtupu, mrefu kuliko mtu, hauna majani, vidole vya kijani tu vinavyoning'inia. Msimamizi alitaka upunguzwe tangu mwaka jana. Ameniazima panga na kusimama mbali.

Nilijipaka mafuta ya kupikia mikononi na kuvaa shati la mikono mirefu. Kila pigo la panga, utomvu unachuruzika mweupe kama maziwa. Tone likigusa ngozi unaanza kuwasha, halafu unaunguza. Nimeungua shingoni sehemu mbili. Mama alikuwa na ua kama huu hapa mtaani kwetu Bondeni, kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa: kata vipande vya urefu wa mkono, usivipande siku hiyo, vilaze kivulini mpaka kidonda kikauke na kufanya gamba. Ukivipanda vibichi vinaoza.

Vimelala nyuma ya chumba changu, juu ya gunia. Nimeenda kuviangalia mara tatu. Sijui nilitegemea kuona nini.

Jumapili, 24 Januari

Nimepanda. Mstari wote, kutoka kwenye jiwe kubwa hadi barabarani, pale pale Zaituni aliponionyesha. Mashimo mafupi, mchanga mkavu, maji hapana. Mgongo umekatika.

Mama Kariuki alikuja kutazama. Mwanamke mrefu, mjane pia, sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili. Akauliza miti imetoka wapi. Nikamwambia. Watu wananijibu maswali yangu kila siku, na mimi nikiulizwa hujibu. Kosa.

"Makaburi?" akasema. "Bwana Gazeti, umetoa mti kwa maiti ukaleta kwa mlango yangu?"

Nikasema mti ni mti.

"Basi ni yako na maiti yako. Mimi siwezi gusa. Na kamati ikiuliza, mimi sijui hiyo kitu."

Akaondoka. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Ushahidi wake ndio nusu ya kazi. Zaituni alikuwa amekaa kizingitini akicheka.

"Afadhali, kaka. Asiyetaka kuugusa hataung'oa."

Jumapili, 31 Januari

Wiki nzima nimekuwa na shaka. Ua unaonekana sawa. Lakini mnyaa huonekana sawa hata ukiwa umekufa. Huchukua muda mrefu kukiri. Sitaki kusubiri kamati ndiyo iniambie.

Nimeng'oa mmoja. Hauna mizizi. Nimeurudisha.

Jumanne, 2 Februari

Nilienda upande wa Mogotio kwa habari ya ukame. Ng'ombe waliokufa kando ya barabara, wengine wamekaa kama waliolala. Mchungaji mmoja aliniuliza kama nitaandika kwamba mvua inakuja. Nikamwambia siandiki yajayo. Akasema basi gazeti lina faida gani.

Kwenye kichaka nyuma yake, mnyaa mwitu umesimama mzima, kijani, kati ya vitu vyote vilivyokufa. Nimeutazama muda mrefu kuliko nilivyowatazama ng'ombe. Naandika ukweli.

Jumapili, 7 Februari

Jana Idd. Zaituni alichinja mbuzi, akapeleka nyama kwa Mama Kariuki. Nilidhani itarudishwa. Sahani ilirudi tupu, imeoshwa, na ujumbe wa mdomo: nyama nimekula, mti bado sigusi.

Leo nimeng'oa mitatu. Mmoja umeoza chini, unanuka. Mmoja hauna kitu. Wa tatu una vinundu vyeupe kwenye gamba, vidogo kama chawa. Nadhani ni mizizi inayoanza. Nimeurudisha kwa uangalifu, nikaukanyagia udongo.

Zaituni alinikuta nimepiga magoti.

"Kaka, wewe ukipika wali unafunua sufuria kila dakika?"

Nikasema sipiki wali.

"Ndiyo maana."

Jumapili, 14 Februari

Ile niliyong'oa imesinyaa. Yote. Hata ule wenye vinundu. Mingine imesimama, ngozi yake bado imekaza.

Nimekutana na mwenyekiti wa kamati akiendesha baiskeli. Mzee mpole, koti la mvua siku ya jua. Kwa kuwa maneno ya makaburi yamezunguka shamba lote, nikamuuliza yeye anaonaje. "Sisi hatuulizi mti imetoka wapi," akasema. "Sisi tunavuta." Watakuja mwisho wa Machi. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba bila neno la jirani ua ni kuni tu.

Nimemwahidi Zaituni sitang'oa tena. Amenitazama kama ninavyowatazama madiwani.

Jumatano, 24 Februari

Naandika herufi kubwa, kwa jicho moja, na hilo moja ni kama natazama kupitia mvuke. Mistari sijui inaenda wapi.

Niliivunja ahadi Jumapili. Zaituni alikuwa tangini kwenye foleni ya maji. Nikasema mmoja tu. Niliuvuta, haukutoka. Hapo ningeacha, kutotoka ndilo lilikuwa jibu. Nikavuta tena kwa nguvu, nimeinama, uso karibu. Ukakatika shingoni. Utomvu ukanirukia jicho la kushoto. Nikalifuta kwa mkono. Mkono ulikuwa umejaa utomvu. Nikafuta na la kulia.

Nimeandika habari za moto, za lori lililopinduka Salgaa, za watu waliokatwa. Sikuwahi kujua maumivu yanaweza kukaa mahali padogo hivyo na kuwa makubwa hivyo. Nilianguka. Nilipiga kelele, nadhani. Mitungi ya Zaituni yote ilikuwa tangini. Nyumbani hakukuwa na tone.

Nikasikia ile sauti ya kuita ng'ombe. Mama Kariuki. Akaniambia nisiguse macho, akanigandamiza mikono chini, akamwita mke wa mwanawe, Nyokabi, ambaye amejifungua juzi tu. Nikaelewa anataka nini. Bondeni pia walifanya hivyo kwa mtoto akiingiwa na utomvu. Maziwa ya mama, moja kwa moja jichoni.

Nyokabi alikuwa na haya. Alisimama.

"Kuja, wewe," Mama Kariuki akamwambia. "Unaona haya ya nini? Hii mzee haoni kitu."

Maziwa yalikuwa ya moto. Halafu yakawa baridi. Moto jichoni ukapungua kiasi cha mtu kuweza kupumua. Mtoto alikuwa analia mahali fulani juu ya kichwa changu. Sehemu yake ndiyo niliyopewa.

Walinipeleka barabarani wakasimamisha lori la viazi lililotoka Molo. Nililala juu ya magunia hadi Nakuru. Hospitalini waliniosha macho kwa maji muda mrefu, wakapaka dawa, wakafunga. Ngozi ya jicho imeungua. Nikamuuliza daktari kama nitaona. Akasema tusubiri. Mimi huwa sikubali jibu la namna hiyo kwa mtu yeyote.

Jumamosi, 27 Februari

La kulia safi kidogo. La kushoto maziwa matupu.

Chumba kina giza. Kusoma marufuku. Kuandika marufuku. Naandika.

Jumatano, 3 Machi

Leo sikwenda popote. Nimehesabu sauti za mtaa mzima. Najua sasa ni nani anakohoa na saa ngapi. Nachukia kukaa.

Jana nilijaribu kufanya kazi. Nilipelekwa barazani kwa mkono, nikakaa, nikasikiliza mgao wa maji kwa masikio tu. Diwani mmoja anadanganya zaidi usipomwona. Nikatunga habari kichwani, nikaisema kwenye simu. Mhariri hakukata neno.

Jumanne, 9 Machi

Jicho la kulia limerudi. La kushoto linaona mwanga na umbo la dirisha. Daktari amekataza vumbi, na Rongai yote ni vumbi.

Sijui chochote kuhusu minyaa. Nimevunja mmoja, nimeua kadhaa. Iliyobaki ama imeshika ama imekufa imesimama. Ingekuwa habari ningetuma mtu.

Nimempa dereva wa lori la viazi karatasi ampe Zaituni. Neno moja: Imeshika?

Alhamisi, 11 Machi

Dereva amerudi na jibu, nyuma ya karatasi ile ile.

Sijavuta.

Jumapili, 21 Machi

Kamati Jumapili ijayo. Zaituni ametuma habari. Hakuandika lolote kuhusu jiko. Ameuliza tu kama anaweza kuhifadhi sufuria kubwa kwangu. Anajiandaa.

Sikulala vizuri. Nimetembea Bondeni hadi reli na kurudi, kisha tena. Hakuna ninachoweza kufanya, nami sikuumbwa kwa hilo.

Jumapili, 28 Machi

Naandika jioni, nikiwa kwa Zaituni, ndani ya jiko.

Walikuja watano. Mwenyekiti, wanne wengine, na nusu ya shamba nyuma yao kutazama. Mama Kariuki alisimama upande wake, mikono kifuani. Nyokabi na mtoto mgongoni. Mimi nimevaa miwani ya jua na koti langu la barazani, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu sikujua nini kingine cha kufanya.

Mwenyekiti aliinama kwenye wa kwanza karibu na jiwe. Akauvuta. Haukutoka. Wa pili haukutoka. Wa tatu alivuta kwa mikono miwili mpaka kofia ikaanguka. Ulishika kama umepigwa misumari.

Kisha akafika katikati, sehemu niliyokuwa napenda kung'olea kwa kuwa haionekani kutoka nyumbani. Wa kwanza ulitoka kwa vidole viwili. Akautupa. Uliofuata pia. Na uliofuata. Shimo kubwa kama lango. Kazi yangu mwenyewe.

"Hii ni ua gani?" mmoja akasema. "Hapa lori inapita."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akatazama tangi, akatazama barabara, na mkono wake ukaanza kuinuka kuonyesha ule mstari mnyoofu. Zaituni hakusogea. Alikuwa ameshika mlango wa jiko kama mlango ndio utakaoanguka.

Mwenyekiti akamgeukia Mama Kariuki. "Mama, jirani ni wewe. Useme. Hapa katikati mpaka ilikuwa wapi?"

Alilitazama jiko. Muda mrefu. Akinyamaza tu, jiko ni lake. Kila mtu pale alijua. Nilitaka kusema kitu nikajizuia. Nimewaona watu wakiharibu kesi zao wenyewe kwa kusema.

"Mimi sijui mambo ya mti," akasema mwishowe. "Mti ni ya maiti. Lakini huyu mtu nilimpata hapa siku ile, ameanguka. Alikuwa anang'oa mti kwa laini ya vigingi, kama panya. Nilimpata kichwa kwangu, miguu kwa dada yake."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo. Nilipiga magoti kwa shamba yangu. Laini ya vigingi ilipita kwa mshipi yake."

Mwenyekiti alinitazama. Akawaza. Kisha akasema, bila kucheka, "Bwana Gazeti, lala."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Lala chini kama ile siku. Tuone."

Nimehoji mawaziri. Nimelala chini Rongai, mbele ya nusu ya shamba, nimevaa koti. Mama Kariuki alikuja akanirekebisha kwa mguu: "Sogea. Kichwa hapa. Hapana, huko ulikuwa hujafika, unajipendelea." Watu walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko. Nyokabi ameficha uso. Mwenyekiti akatembea kutoka kwenye minyaa iliyoshika upande wa jiwe, jicho limefinywa, mkono mbele, na mwenzake akatembea kutoka upande wa barabara. Walikutana kwenye tumbo langu.

Akachukua kigingi akakigonga pale, kando ya mbavu zangu, mara tatu.

"Imeisha," akasema. "Amka."

Jiko liko ndani. Nimelipima tena baada ya watu kuondoka. Limebaki na nafasi ya mtu kupita na ndoo.

Kabla hajaondoka nilimwendea Mama Kariuki. Sikuwa na maneno yaliyopangwa. Nikasema alikuwa amesema kamati ikiuliza hajui kitu.

"Mti nilisema sigusi," akajibu. "Na sijagusa. Mtu nimegusa."

Akaenda zake akimwita ng'ombe. Habari hii siipeleki Nairobi.

Jumapili, 18 Aprili

Mvua imenyesha siku nne. Rongai inanuka udongo, si vumbi. Jicho la kushoto limebaki na ukungu pembeni. Daktari anasema huenda ukabaki. Nasoma vizuri.

Zaituni anapika, moshi unatoka pale pale ulipokuwa unatoka. Ameniambia nikae. Sikukaa. Nimetembea kando ya minyaa kutoka jiwe hadi barabarani. Iliyoshika imetoa vidole vipya, vyembamba, rangi ya kijani iliyo karibu na njano.

Katikati, pale penye kigingi, bado wazi. Lakini upande wa Mama Kariuki, juu ya jiwe, kivulini, kuna vipande vya mnyaa vimelazwa kwa mstari, kidonda kimegeuzwa juu ili kikauke. Nyokabi alikuwa anapita na mtoto. Akasema vimetoka kwao Solai, kwa nyanyake, si makaburini, na vitapandwa vikiwa tayari.

Mtoto alinitazama, amenenepa.

Vipande viwili vilikuwa bado vinatoa tone jeupe. Nimevitazama. Nikatia mikono mfukoni, nikarudi kunywa chai.